Ni Nani Aliyeandika Mdundo Huu? Historia Fupi ya Mitindo ya Usindikizaji katika Kinanda cha Umeme

Utangulizi

Siku hizi wimbo wa ibada hauanzi kwa sauti ya mwalimu wa kwaya peke yake. Katika sharika nyingi za mjini, na katika sharika kadhaa za vijijini zilizofikiwa na umeme, kijana aliyeketi kwenye kinanda hubonyeza kitufe kimoja. Mara ngoma, besi na gitaa zisizo na wapigaji huanza kulia, nayo kwaya hujiunga nazo. Waumini huupokea usindikizaji huo kama wanavyoupokea mwanga wa taa: upo, unafanya kazi, wala hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali hilo. Msimamo wetu ni kwamba kila mdundo uliomo ndani ya kinanda una mwandishi wake, mahali pake na wakati wake, na kwamba mwandishi huyo hakuwa akiifikiria kwaya yetu. Tutaeleza jinsi mpigaji alivyopewa hatua kwa hatua uwezo wa kuuandika upya mdundo huo, mpaka programu za kompyuta zilipomfungulia mlango karibu wote. Aidha tutaonyesha kwamba yako maamuzi ya zamani ambayo bado yamo ndani ya chombo, na ambayo hatuna budi kuyafahamu tukitaka kukitumia kwa uhuru.

1. Mdundo uliofungwa

Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago alianza kuuza kinanda cha umeme kisichohitaji mabomba, na makanisa ya Marekani yakawa miongoni mwa wanunuzi wake. Kampuni yake ilikisifu sana katika matangazo, hata mwaka 1936 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ikaishitaki kwa kudai kwamba chombo hicho kinaweza kutoa sauti zote za kinanda cha mabomba. Mwaka 1937 yalifanyika majaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago: wasikilizaji walitakiwa kutambua kwa masikio tu ni kinanda kipi kinacholia, nao walikosea mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa. Hata hivyo mwaka 1938 tume iliiamuru kampuni iache baadhi ya madai yake.

Ubishi wa siku zile ulihusu mlio tu. Mkono uliopiga ulikuwa bado wa mtu, na kila sauti iliyosikika ilikuwa imeamuliwa na mpigaji dakika ileile. Jambo hilo lilianza kubadilika mwaka 1959, kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilipotoa chombo kilichoitwa Sideman, yaani mwenzi wa kando. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na mkono uliozunguka juu ya sahani yenye vigusio vya umeme. Kila ulipopita juu ya kigusio, sauti ya ngoma au ya upatu ilitoka. Mpigaji aliweza kuchagua waltz, tango, cha-cha na nyinginezo, akaweza kuongeza au kupunguza mwendo. Lakini mpangilio wenyewe wa mapigo hakuweza kuugusa, kwa kuwa ulikuwa umefungwa katika chuma.

Mwaka 1967 Ikutaro Kakehashi wa Japani, kupitia kampuni yake ya Ace Tone, alitoa Rhythm Ace FR-1. Chombo hiki kilikuwa na midundo 16, na mtu aliweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili midundo ichanganyike. Kampuni ya Hammond ilikiingiza katika vinanda vyake. Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland mwaka 1972, na mwaka 1978 kampuni hiyo ikatoa CR-78, mojawapo ya mashine za kwanza za ngoma zilizotumia ubongo mdogo wa kompyuta. Humo mlikuwa na nafasi nne za kuhifadhi midundo iliyotungwa na mpigaji mwenyewe. Nafasi nne ni chache, lakini katika historia tunayoieleza zina uzito mkubwa: mnunuzi wa chombo alikuwa ameanza kuwa mwandishi.

2. Mdundo wa Tokyo na wimbo wa Kingston

Kabla ya kuendelea, inafaa tutazame kisa kimoja kinachoonyesha jinsi mdundo uliofungwa unavyoweza kusafiri. Mwaka 1980 kampuni ya Casio ya Tokyo ilimwajiri Okuda Hiroko, binti aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo ya muziki, ambaye katika chuo alikuwa ameandika juu ya reggae. Mwaka 1981 Casio ilitoa kinanda kidogo cha MT-40 kwa ajili ya wanaoanza kujifunza, na miongoni mwa midundo yake ulikuwamo mmoja ulioitwa "rock", pamoja na besi yake, ambao Okuda ndiye aliyeutunga.

Kinanda cha namna hiyo kilifika Jamaika. Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji Lloyd James, ajulikanaye kama King Jammy, waliuchukua mdundo ule, wakaupunguza mwendo, wakaongeza vyombo vingine, nao ukawa msingi wa wimbo "Under Mi Sleng Teng". Tangu hapo mamia ya nyimbo yametungwa juu ya mdundo huohuo, na muziki wa kisiwa kile ukageukia mashine.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mdundo uliotungwa na mtu mmoja katika ofisi ya kampuni waweza kugeuza uimbaji wa taifa zima. Pili, Wajamaika hawakuupokea kama ulivyokuja. Kuupunguza mwendo ndicho kitendo kidogo walichoweza kukifanya kwa chombo kile, na kwa kitendo hicho waliufanya kuwa wao.

3. Lugha ya pamoja

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha vyombo, hata kinanda cha kampuni moja hakikuweza kuelewana na cha kampuni nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith wa California alipendekeza njia moja ya pamoja, naye Kakehashi alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo upande wa Japani. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya muziki huko Marekani, vinanda vya kampuni mbili tofauti viliunganishwa kwa waya na kupigana. Njia hiyo iliitwa MIDI.

Jambo la kuzingatia ni kwamba MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: kitufe namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, katika njia mojawapo kati ya njia 16, sasa kimeachwa. Kwa maneno mengine, ni maandishi ya muziki yanayosomwa na mashine. Na kwa kuwa ni maandishi, kompyuta yaweza kuyapokea, kuyaonyesha kwenye kioo, kuyasahihisha na kuyarudisha. Mwaka 1990 kampuni ya PG Music ya Kanada, iliyoanzishwa na Peter Gannon, ilitoa programu ya Band-in-a-Box: mtumiaji huandika kordi za wimbo, yaani sauti kadhaa ziliazo pamoja, nayo kompyuta humpangia besi, piano na ngoma.

Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana pia juu ya orodha moja ya milio 128, ili faili lililotengenezwa kwa chombo kimoja lisikike vivyo hivyo kwenye kingine. Piano ni namba 1. Kuanzia namba 105 hadi 112 ni kundi lililopewa jina la milio ya kikabila. Humo kalimba imewekwa namba 109, pamoja na sitar ya India, banjo, na zumari la mfuko la Uskoti. Msomaji atafakari mwenyewe juu ya kundi hilo.

4. Mtindo kama maandishi

Katika miaka ya 1990 vinanda vikubwa vya Yamaha, Korg na kampuni nyinginezo vilikuwa na sehemu ya kuingizia flopi, na mitindo ya usindikizaji ikaanza kuuzwa na kubadilishanwa kama mafaili. Baadaye nafasi ya flopi ilichukuliwa na USB.

Tukichukua mfano wa Yamaha, faili la mtindo kimsingi ni faili la MIDI lililogawanywa katika vipande: utangulizi, sehemu kuu kadhaa, vijazio vya kuunganisha, na mwisho. Kwa kawaida lina sauti nane: mbili za ngoma, moja ya besi, na tano za kordi na mapambo. Sauti hizo hurekodiwa juu ya kordi moja ya asili, mara nyingi Do kubwa yenye Si ndani yake. Kisha mwishoni mwa faili huwekwa jedwali linaloieleza mashine ifanye nini mpigaji akishika kordi nyingine kwa mkono wa kushoto. Akishika kordi ndogo, Mi sharti ishuke nusu sauti. Akihamia Fa, besi ipande au ishuke. Ngoma zibaki kama zilivyo.

Programu za kompyuta huliweka faili hilo lote wazi. Mtumiaji aweza kuinyamazisha sauti moja, kuubadili mlio wake, kulisogeza pigo lililokaa mahali pabaya, kuliandika upya jedwali la kordi, au kuanza na ukurasa mtupu. Zipo programu nyingine, nyingine zikitolewa na kampuni zenyewe, zinazomwezesha kurekodi ngoma halisi ya kijijini kwake na kuuingiza mlio wake katika vinanda vinavyokubali nyongeza. Ukilinganisha na sahani ya chuma ya mwaka 1959, ni dhahiri kwamba mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi.

5. Yaliyobaki ndani

Hata hivyo mlango ulio wazi si sawa na nyumba tupu. Ndani yake mna vitu vilivyowekwa na waliotangulia.

Kwanza ni hesabu ya sauti. Namba za MIDI zilipangwa kwa kufuata kinanda cha piano, chenye hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Kiarabu una sauti zinazoangukia katikati ya hatua hizo. Kwa ajili ya soko hilo kampuni zilitengeneza vinanda maalumu, kama vile Yamaha PSR-A2000, vyenye mitindo ya Kiarabu na njia nyepesi ya kuishusha sauti moja moja. Ngazi ya sauti ya Wagogo wa Dodoma, ambayo Hukwe Zawose aliipeleka duniani kwa ilimba yake, nayo haikai sawasawa juu ya hatua 12 za piano. Lakini hatujui kampuni iliyomtengenezea Mgogo kinanda. Njia ya kushusha sauti ipo katika vinanda vingi. Atakayeitumia ni mpigaji mwenyewe.

Pili ni kordi. Mtindo hauwezi kutembea bila kordi ya mkono wa kushoto, na jedwali lake hupenda kuongeza sauti ya tatu. Wagogo huimba sauti zao sambamba kwa umbali wa nne na wa tano. Mashine ikijaza nafasi ambazo waimbaji wameziacha kwa makusudi, wimbo unakuwa wimbo mwingine.

Tatu ni hesabu ya mapigo. Nyimbo zetu nyingi za asili hugawanya kila pigo katika tatu, hali mitindo inayochaguliwa mara nyingi hugawanya katika mbili. Tumeshuhudia katika usharika mmoja wimbo wa shukrani, uliokuwa ukiwainua akina mama kwenye viti vyao, ukisimama wima kama askari baada ya kuwekewa mtindo wa namna hiyo. Hakuna aliyekosea noti hata moja. Ila wapiga ngoma wawili walikaa na ngoma zao miguuni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuingilia.

6. Urithi wa nyimbo zetu

Suala hili si geni katika Kanisa letu. Kwa miaka mingi sharika ziliimba zaidi tuni zilizokuja kutoka Ujerumani. Katika miaka ya 1960 Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, alikusanya tuni za watu mbalimbali wa Tanzania ili ziimbwe katika ibada. Na Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Buhaya. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Waliofanya kazi hiyo waliamini kwamba tuni ya nyumbani yaweza kuibeba Injili bila kuvuliwa mwendo wake.

Kinanda kinaliuliza swali lilelile kwa njia nyingine. Safari hii hakuna mmisionari aliyeamuru. Sisi wenyewe tumenunua chombo, tumekiwasha, tukakubali kilichokuja. Hatusemi kwamba kinanda kiondolewe. Katika usharika ule tuliousimulia, mwalimu wa kwaya alipata kijana mwenye kompyuta. Wakaufungua mtindo, wakaunyamazisha upande wa ngoma, wakaipanga upya besi ifuate pigo la tatu. Jumapili iliyofuata kinanda kilibaki na kazi ya besi na kordi, nao wapiga ngoma wakarudi kazini.

Hitimisho

Tumeona kwamba mdundo wa kinanda ulianza kama chuma kisichobadilika, ukawa kumbukumbu nne, ukawa maandishi, na hatimaye ukawa faili ambalo kijana wa kwaya anaweza kulifungua. Tunapendekeza mambo matatu. Vyuo vyetu vinavyofundisha muziki wa Kanisa viwafundishe wanafunzi kuandika mitindo, kama vinavyowafundisha kusoma noti. Mitindo itakayoandikwa kutokana na ngoma za watu wetu ihifadhiwe pamoja na majina ya walioipiga na mahali ilipotoka, ili asiwepo atakayeuliza baadaye kama tulivyouliza sisi. Na kabla ya kubonyeza kitufe, mpigaji awatazame kwanza waliokuja na ngoma. Ni matumaini yetu kwamba wasomaji walio katika huduma ya uimbaji watalichukua jambo hili na kuliendeleza katika sharika zao.