Saa 45: Mkufunzi wa Muda na Bima ya Afya

Katika vyuo vya kati imezoeleka hoja kwamba mkufunzi wa muda si mwajiriwa: anauza vipindi, analipwa vipindi, akiugua ajitibu. Kwa hoja hiyo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itamkuta katika sekta isiyo rasmi, pamoja na mvuvi na mama lishe, achangie peke yake. Makala haya yanapinga uainishaji huo.

Kwamba kulipia matibabu papo kwa papo kunawaumiza wenye kipato kidogo, hakuna anayebisha tena. Ndiyo sababu Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukaundwa kwa sheria ya 1999. Ubishi ni nani alipe nusu ya pili ya mchango wa bima.

Hapa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, nilimkuta mkufunzi mmoja wa muda kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mtoto mwenye homa mapajani, ubavuni bahasha ya mitihani ambayo hajamaliza kusahihisha. Dirishani akaulizwa, "Bima au keshi?" Akafungua pindo la kanga. Chuo chake, kilichoko huko juu milimani, ndicho kilichompangia ratiba, kikampa mtaala, kikamdai alama kabla ya Ijumaa. Mvuvi wa ziwani huutazama upepo wa mwera kabla ya kushusha mtumbwi, akaamua mwenyewe. Mkufunzi huyu haamui.

Sheria inaliona hilo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mkataba wake uwe umeandikwa vyovyote, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kimetimia. Kimojawapo ni kwamba saa zake za kazi zinadhibitiwa na anayemtumia. Kingine, kwamba amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mwenye vipindi 12 vya saa moja kwa wiki anafikisha saa 48 katika wiki 4, bado hujahesabu kuandaa somo na kusahihisha. Na chuo kinachompa vipindi 10 ili asifike 45 hakijakwepa kitu, maana ratiba bado inapangwa na chuo.

Itasemwa kuwa dhana hiyo ni ya sheria za kazi, si ya bima. Ni kweli. Lakini wajibu wa mwajiri kuchangia unazaliwa na ajira, na sioni itafutwe wapi kwingine. Mtu hawezi kuwa mwajiriwa anapodai likizo, kisha asiwe mwajiriwa anapougua.

Gharama haitishi. Kwa asilimia 6 ambayo NHIF imekuwa ikitoza watumishi wa umma, nusu kwa nusu, malipo ya shilingi 400,000 yanadai 12,000 kutoka chuoni na 12,000 kutoka kwake. Anayefundisha Mbinga na Songea achangiwe na vyuo vyote viwili, kila kimoja kwa kadiri kinavyomlipa, michango ikiunganishwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kigumu ni miezi ya likizo, mkataba unapokatika. Hapo napendekeza michango ya mihula igawanywe kwa miezi 12, ili mtoto akishikwa na homa chuo kimefungwa, kadi ikubalike dirishani.