Mjomba Alipobwaga Funguo

Mjomba wangu aliacha kuendesha malori mwaka 2022, siku ya Jumanne, bila kugombana na mtu yeyote. Alishusha shaba bandarini Dar es Salaam, akarudisha gari yadi, akaweka funguo juu ya meza ya msimamizi wa safari, akapanda basi la Bagamoyo. Alasiri alikuwa nyumbani kwake Dunda, amekaa barazani na msuli wake, anakunywa kahawa. Mkewe alidhani amepewa likizo. Siku ya tatu ndipo alipomuuliza.

"Sirudi tena," alijibu. "Hamu imeniishia."

Ilikuwa miaka 31 tangu aanze kama utingo. Mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wa kazi yetu ni kutaka sababu. Nikamfuata na maswali. Amepata ajali? Hapana. Wamemdhulumu pesa? Si zaidi ya siku zote. Macho? Mgongo? Mgongo unauma tangu 2009, hiyo si habari. Nilipozidi kumbana akanicheka. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "wewe umezaliwa mji gani? Hilo jina la mji hujawahi kulisikia vizuri?"

Nilikuwa nalisikia tangu utoto, kama kila mtoto wa Bagamoyo. Lakini nilikuwa nalisikia kwa namna moja tu.

Tulivyofundishwa shuleni, na wageni wanavyoelezwa mpaka leo, Bagamoyo ni "bwaga moyo": hapa mateka alikata tamaa, akauacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Ipo na tafsiri ya pili, ambayo wazee wengi wa mji ndiyo wanayoishikilia. Kwamba ni neno la wapagazi. Mtu aliyetembea miezi na pembe ya ndovu begani, akiiona bahari, anabwaga mzigo na moyo unatua. Yaani neno moja, kwa wengine msiba, kwa wengine mapumziko.

Tafsiri ya kwanza ndiyo iliyoshinda. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa jina la njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu. Msomi Jan Lindström, katika kitabu chake cha 2019 kuhusu kumbukumbu za Bagamoyo, analalamika kwamba hadithi ya utumwa imepazwa sauti kiasi kwamba mpagazi hasikiki tena. Utumwa ulikuwapo, tena sana, na hakuna haja ya kuupunguza. Ila watu wengi zaidi waliopita kwenye njia ile na mizigo walikuwa watu huru, wanaolipwa. Kwa maneno ya leo, walikuwa watu wa usafirishaji. Mjomba wangu ni mtoto wao kwa kazi, kama si kwa damu.

Nikaanza kusoma habari zao ili nimwelewe yeye.

Wengi walikuwa Wanyamwezi, na baadaye jina hilo likawa karibu sawa na kusema mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Juu yake mtu anaongeza mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Kutoka pwani walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara walileta pembe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni karibu kilomita 1,200. Mbele alitembea kirangozi na bendera, nyuma yake ngoma na mstari wa watu wanaofuatana kwa mguu mmoja. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba katika miaka ya kilele, mwishoni mwa karne ya 19, wapagazi kama laki moja kwa mwaka walikuwa njiani kati ya pwani na bara.

Na hawakuwa watu wa kudharauliwa. Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006, anaonyesha kwamba ilikuwa kazi yenye ustadi, kanuni na heshima zake. Kwa kijana wa Kinyamwezi kufika pwani na kurudi ilikuwa alama ya utu uzima. Asiyewahi kuiona bahari alionekana bado mtoto. Walijua thamani yao. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871, pamoja na pesa zote za gazeti lake, alikaa Bagamoyo wiki kadhaa akihangaikia wapagazi. Na wazungu wote walioandika vitabu vya safari wanalalamika jambo moja: wapagazi wanatoroka. Mpagazi anaamka usiku, anaweka mzigo chini, anaondoka. Wazungu waliita uvivu na usaliti. Rockel anatuonyesha kwamba mara nyingi ilikuwa njia ya watu wale kusema kwamba posho haitoshi, mwendo umezidi, au bwana huyu hafai.

Hapo kwenye posho nilisimama kidogo. Posho ilikuwa chakula cha njiani, au kitambaa alichopewa mpagazi akakibadilishe kwa chakula. Mjomba naye, miaka 31, alikuwa anagombania kitu kilekile kwa jina lilelile: posho ya safari. Halafu kuna hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite nchini kwake na kuteka maji; Ugogo ndiko ilikosumbua zaidi, kwa sababu nchi ni kavu na visima vina wenyewe. Ilikuwa halali na ya wazi, ilijadiliwa kwa siku kadhaa. Leo neno limebaki na uhalali wake umekwisha. Nilipomweleza Mjomba historia hii alitikisa kichwa. "Kumbe zamani walikuwa wanatoa wakapewa maji," alisema. "Sisi tunatoa tunapewa njia tu."

Kuna jambo jingine nililojifunza, na nadhani ndilo kubwa. Mpagazi alikuwa mkulima. Safari zake zilifuata majira: wengi walitelemka pwani kiangazi na kuwahi kurudi kabla ya kulima. Waliofika Bagamoyo walijenga vibanda, wakala samaki, wakacheza ngoma, wakasubiri mzigo wa kurudia. Kazi ilikuwa ngumu sana, watu walikufa kwa ndui na kwa kiu, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho. Kubwaga kulikuwa sehemu ya kazi. Jina la mji wetu, kama wazee wanavyolieleza, ni jina la sehemu hiyo.

Kazi hiyo iliharibikaje? Jibu la haraka ni reli. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao, kisha wakahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Bagamoyo ikalala, na kwa kiasi fulani haijaamka.

Lakini kabla treni haijaimaliza, amri ilikuwa imeshaitia sumu. Serikali ya kikoloni ilihitaji wabebaji na haikutaka kujadiliana nao kama tajiri anavyojadiliana na kirangozi. Ikaanza kukamata watu. Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, pande zote mbili zilikokota wanaume kutoka vijijini kubeba risasi na unga. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar ni kumbukumbu ya kikosi cha wabebaji wa Waingereza, ingawa ukienda kununua viatu pale hukumbuki. Hivyo katika muda wa kizazi kimoja, kazi iliyokuwa inamfanya kijana aitwe mwanamume ikawa kazi ya kukimbilia porini ukisikia wanakuja kuandika majina. Mzigo ulibaki wa kilo zilezile. Kilichoondoka ni uamuzi wa kuubeba, na uamuzi wa kuutua.

Malori yaliporithi kazi hiyo, heshima ilirudi. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini iko mikononi mwa adui. Mafuta na shaba vikageuziwa Dar es Salaam, kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Waandishi wa Kiingereza waliipa jina la Mbio za Jehanamu: tope masika, vumbi kiangazi, malori yamelala bondeni. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968, na TAZARA ikakabidhiwa 1976. Ila madereva wa miaka ile walikuwa wameshakuwa mashujaa. Aliyemfundisha Mjomba kazi alikuwa mmoja wao, na Mjomba anasema mzee yule akiingia mgahawani Iringa watu walikuwa wanasogea kumpisha.

Mjomba alianza na heshima hiyo. Mwaka 1991, utingo, analala chini ya gari na kushika jiwe la kuzuia tairi. Baadaye dereva, semitrela yake mwenyewe, Kitonga anaishuka na kuipanda kwa gia anazozijua kwa sauti. Mimi mdogo nikiwa Dunda nilijua akirudi kwa zawadi: vitenge vya Kongo vya mama, viazi vya Mbeya. Alikuwa anasimulia safari mpaka taa inazimika.

Nikamuuliza masimulizi yaliisha lini. Hakukumbuka. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka ndani: "Tangu walipomwekea kile kidude."

Kidude ni kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Akisimama dakika kumi mahali pasipopangwa, simu inaita. Mjomba mwenyewe hakilaumu. Anasema kimezuia wizi wa mafuta, na ni kweli. Lakini anakumbuka alivyokuwa akiamua mwenyewe alale wapi, apumzike wapi, amsaidie nani aliyekwama. Siku hizi anaambiwa wahi. Akiwahi, anakaa foleni Kasumbalesa siku tano, na Tunduma nyingine, akilinda mzigo wa mtu kwa posho ileile. Mizani ya Mpemba, Makambako, Mikese, Vigwaza. Akifika Dar mzigo mwingine unasubiri. "Zamani nilikuwa naendesha gari," alisema. "Miaka ya mwisho gari lilikuwa linaniendesha mimi."

Kwa miaka mingi nilidhani mtu akipoteza hamu ya kazi yake basi kuna kitu ndani yake kimelegea. Umri, au uvivu, au shetani. Historia ya njia hii inaniambia niangalie nje kwanza. Wanyamwezi hawakuzaliwa wanapenda mizigo, wala wajukuu zao hawakuzaliwa wanaichukia. Walipenda kazi iliyowaruhusu kujadiliana, kusimama na kurudi nyumbani kulima. Ilipokoma kuwaruhusu, mioyo iliwatoka. Na wazungu wale walioandika "wavivu" walikuwa wanatazama mtu aliyeshatua mzigo, hawakuutazama mzigo.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna jambo linaloendelea sasa hivi. Mtoto wa mwisho wa Mjomba ana miaka 22 na anataka kwenda na malori. Ana rafiki yadi atakayemwingiza kama utingo. Mama yake hataki hata kusikia. Kijana ameniomba nimsemee kwa baba yake, na wiki iliyopita nilikwenda Dunda kwa kazi hiyo, nikiwa na hofu kwamba mzee atakataa au, kibaya zaidi, atanyamaza.

Hakukataa. Alimwita kijana, akamkalisha, akamuuliza swali moja. Hakumuuliza mshahara wala kampuni.

"Unarudi lini?"

Kijana akacheka, akasema hata hajaondoka bado.

"Ndiyo maana nakuuliza sasa," Mjomba akamwambia. "Ukishaondoka hutajua kujibu. Mimi sikuulizwa."

Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akasema atalifikiria. Mpaka naandika haya hajaleta jibu, na mzee amesema hamruhusu kupanda gari mpaka alilete.