Besiboli, Kriketi na Hoja ya Haraka ya Wamarekani

Wanaojaribu kueleza kwa nini Wamarekani waliipa kriketi kisogo na kuipenda besiboli hukimbilia sababu moja: hao ni watu wa haraka, na kriketi hula siku nzima, pengine siku tano. Hoja hii ni dhaifu. Besiboli haina muda maalumu wa kumalizika. Timu zikiwa sare baada ya awamu tisa, huendelea hadi apatikane mshindi. Tena kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kwa miezi sita. Watu wasio na subira wasingeivumilia ratiba hiyo.

Historia nayo haiiungi mkono. Mechi ya kwanza ya kriketi baina ya mataifa ilichezwa New York mwaka 1844, Marekani ikipambana na Kanada. Mwaka uliofuata klabu ya Knickerbocker ya mji huohuo iliandika kanuni zake za besiboli, na kwa miaka kadhaa michezo yote miwili ilikuwa na wafuasi, mara nyingine walewale. Harry Wright, kiongozi wa Cincinnati Red Stockings ya 1869, timu ya kwanza kuwalipa wachezaji wake wote waziwazi, alizaliwa Sheffield na aliwahi kuajiriwa kucheza kriketi. Henry Chadwick, aliyewazoesha wasomaji wa magazeti takwimu za besiboli, alizaliwa Exeter na alikuwa mwandishi wa habari za kriketi. Mchezo unaoitwa wa Kimarekani hasa ulilelewa, kwa sehemu kubwa, na Waingereza.

Mvuto wake wa kwanza, kwa maoni yangu, umo katika mgawanyo wa zamu. Katika kriketi, mpigaji akitolewa kwa mpira wa kwanza huenda kuketi na kuwatazama wenzake kwa saa nyingi. Asipotolewa, anaweza kupiga kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika besiboli wapigaji tisa hufuatana, na aliyetolewa sasa atarudi baada ya wenzake wanane, mara nne hivi kwa mechi. Hakuna wa kuihodhi zamu, wala wa kuipoteza moja kwa moja. Kukosa kumekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba anayefanikiwa mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Ni rahisi kuona kwa nini jamii inayojisifu kwa kumpa kila mtu nafasi nyingine ilijiona humo.

Ila kujiona si kuwa. Nafasi hiyo haikuwa ya kila mtu: tangu miaka ya 1880 wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, hadi Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947. Josh Gibson, aliyecheza katika ligi za weusi, alifariki mwaka huohuo bila kuruhusiwa kamwe. Mwaka 2024 ligi kuu ilipokubali kuzihesabu takwimu za ligi hizo, wastani wake wa kupiga wa 0.466 wa mwaka 1943 ukawa rekodi ya juu kabisa ya msimu mmoja.

Kwa hiyo zamu peke yake haitoshi kueleza. Lililoamua zaidi ni nani aliyeushika mchezo. Jason Kaufman na Orlando Patterson, katika makala yao ya 2005, walionyesha kwamba matajiri wa Marekani waliifanya kriketi kuwa mali ya klabu zao, tofauti na India au Karibi, ambako wakubwa waliwaachia watu wa kawaida waingie. Philadelphia ilimtoa mrushaji wa kriketi Bart King, aliyejifunza kurusha kwanza katika besiboli na ambaye mwaka 1908 aliwapita warushaji wote wa Uingereza kwa wastani wa urushaji. Lakini watoto wa mitaani hawakuwa na njia ya kumfuata. Mwaka 1909 Uingereza, Australia na Afrika Kusini ziliunda baraza la kriketi la himaya, na Marekani, iliyo nje ya himaya, ikaachwa mlangoni.

Besiboli iliweza kuchezwa hata kwenye uwanja wenye mashimo, kwa sababu mpira hupigwa kabla ya kugusa ardhi. Wamarekani wenyewe waliibadilisha walivyotaka: awamu tisa ziliwekwa 1857, kurusha kwa mkono wa juu kukaruhusiwa 1884. Kisha wakaitungia asili. Tume iliyoundwa kwa msukumo wa Albert Spalding, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo, ilitangaza kwamba Abner Doubleday aliibuni Cooperstown mwaka 1839, wakati kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Wanahistoria wameikataa hadithi hiyo, lakini jumba la kumbukumbu la mchezo bado liko Cooperstown.

Kriketi ya T20, aina fupi ya mchezo huo, humalizika kwa saa tatu hivi, kama besiboli. Juni 2024 Marekani iliifunga Pakistan katika Kombe la Dunia la T20 huko Grand Prairie, Texas, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya besiboli. Kama tatizo lingekuwa muda, lingekwisha zamani. Kriketi ya huko bado inategemea zaidi wahamiaji kutoka Asia Kusini na Karibi.