Utafiti wa ndugu wa mababu

Utafiti wa ndugu wa mababu ni njia ya kufuatilia nasaba ambapo mtafiti huchunguza, pamoja na wazazi, babu na bibi, kaka na dada zao na vizazi vyao. Hutumika hasa kumbukumbu za babu mwenyewe zinapokosekana: cheti cha ndoa au cha kifo cha ndugu yake huweza kutaja wazazi wao na mahali walikotoka.

Nchini Marekani njia hii ni muhimu kwa wazao wa watumwa, kwani wengi wa watumwa hao waliorodheshwa kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Daftari za Freedman's Bank, benki ya watumwa walioachwa huru (1865–1874), mara nyingi ziliandika majina ya wazazi, watoto na ndugu wa mwenye akaunti. Sensa ya 1880 ilionyesha uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, hivyo kuwatambulisha mashemeji na wapwa.

Vipimo vya DNA hukamilisha nyaraka: watu ambao babu zao ni ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki wastani wa takribani asilimia 3 ya DNA.