Hestia, mwenye meko

Tusomapo habari za miungu ya Wagiriki wa kale, twasikia sana juu ya Zeus na radi yake, au Poseidon na bahari yake. Hestia hasikiki. Hana visa vya vita wala vya ndoa: alipoposwa na Poseidon na Apollo, aliapa kubaki bikira. Hata jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya meko. Walakini katika sadaka yeye ndiye aliyetangulia kutajwa.

Sababu ya heshima hiyo ni kwamba penye meko ndipo mtu alipofanywa wa nyumbani. Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto alibebwa akazungushwa mekoni, na hivyo akapokewa katika jamaa. Bibi arusi, na hata mtumwa aliyenunuliwa karibuni, walifikishwa hapo wakamwagiwa tini kavu na njugu. Mkimbizi naye alipata kinga. Themistocles, jemadari wa Athens, alipokuwa akisakwa, aliketi mekoni mwa mfalme Admetus, asiyekuwa rafiki yake, huku amempakata mtoto wa mfalme. Admetus alikataa kumtoa.

Mji nao ulikuwa na meko yake, ambayo moto wake haukuachwa uzimike. Mwaka 479 K.K., baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi huko Plataea, waliamriwa wazime mioto yote ya nchi, kwa kuwa adui ameitia unajisi, wakachukue moto safi Delphi. Plutarch asimulia kwamba mtu wa Plataea, jina lake Euchidas, alikimbia kwenda na kurudi kwa siku moja, mwendo wa karibu kilomita 180. Aliwasalimu wenzake, akawakabidhi moto, akaanguka, akafa.

Hata hivyo, ukarimu wa meko hayo ulikuwa na mpaka. Mtumwa alimwagiwa tini kama bibi arusi, lakini akabaki mtumwa. Na mtoto aliyekataliwa na baba yake hakuzungushwa mekoni. Aliweza kutupwa nje. Moto uleule uliowakusanya wengine uliwaacha wengine gizani.

Basi tuulizane katika makundi yetu: je, anayepokewa kwetu apewa nafasi ya ndugu, au aonjeshwa tini tu mlangoni?