Akili hisia: kwa nini meneja mwenye vyeti anaweza kushindwa kuongoza watu

Msimu wa korosho unapofika Mtwara na Lindi, meneja wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, hukutana kila siku na watu wenye wasiwasi. Mkulima ameshapeleka magunia yake, yamepimwa, yamekwenda ghala kuu, mnada umefanyika, lakini fedha haijaingia kwenye akaunti. Anafika ofisini akiwa ameshakasirika. Meneja anaweza kuwa na shahada ya uhasibu na vitabu safi, lakini mkulima huyo atatoka ametulia au atakwenda kuitisha wenzake kulingana na alivyopokelewa.

Uwezo wa kutambua hisia zako na za mwenzako, na kuzitumia vizuri unapofikiri na kutenda, ndio unaoitwa akili hisia. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliuandikia makala ya kitaalamu mwaka 1990. Mwaka 1995 Daniel Goleman akatoa kitabu kilicholieneza wazo hilo duniani, na mwaka 1998 akaandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba kiongozi anahitaji mambo matano: kujitambua, kujidhibiti, ari ya kazi, kuhisi anachopitia mwenzake, na kuelewana na watu.

Kwa maoni yetu, gumu zaidi ni kujidhibiti. Si kwamba meneja hapaswi kuwa na hasira. Anayetambua kuwa moyo unakwenda mbio na sauti imeanza kupanda anaweza kuvuta pumzi, akamwacha mtu amalize, ndipo akajibu. Asiyetambua hushtukia ameshasema, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kudai?" Neno hilo litafika kijijini kabla yake.

Chukua malalamiko ya mizani. Kumwambia mkulima kwamba mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo ni jibu la kweli, ila halijagusa hofu yake ya kuibiwa. Gunia likiwa bado lipo, meneja mwenye akili hisia huanza hivi: "Naona una shaka na kilo zako, mzee wangu. Tupime tena ukiangalia." Kisha humwonyesha stakabadhi na makato, moja baada ya jingine.

Ndani ya ofisi nako ni hivyo hivyo. Karani aliyekosea hesabu akikaripiwa mbele ya wakulima, safari ijayo atalificha kosa. Kosa lililofichwa hukua, na huenda likaja kuibuliwa na mkaguzi wa COASCO miezi mingi baadaye, wakati wakulima wameshapunjwa. Meneja akimwita pembeni na kumuuliza ilikuwaje, kosa hurekebishwa siku hiyo hiyo.

Je, hufundishika? Watafiti wengi wanaona mazoezi husaidia. Njia rahisi ni kumuuliza mtu unayemwamini kazini: nikikasirika, huwa ninafanya nini? Kujipima mwenyewe peke yako hakutoshi, maana asiyejijua ndiye anayeweza kujipa alama nyingi.

Hata hivyo, si wataalamu wote wanaokubali uzito ambao Goleman ameupa jambo hili. Katika kazi nyingi, uwezo wa kufikiri na ujuzi wa kazi yenyewe bado ni muhimu mno. Akili hisia husaidia zaidi pale kazi inapokuwa ya kushughulika na watu, kama hii ya AMCOS. Tena inaweza kutumiwa vibaya. Meneja anayejua kusoma nyoyo za watu anaweza kuwatuliza huku fedha zao hazipo, na upole wake si risiti. Mwanachama ana haki ya kuuliza mapato, matumizi na makato kwenye mkutano mkuu, na asiporidhika anaweza kulipeleka suala lake kwa afisa ushirika wa wilaya.