Wastaafu Marekani: Kujaza ushuru kivyako kwaweza kukugharimu
WANANDOA nchini Marekani, wakiwamo Wakenya waliolowea huko, huruhusiwa kuwasilisha taarifa za ushuru kwa pamoja au kila mmoja kivyake. Kwa mstaafu anayepokea malipo ya uzeeni ya Hifadhi ya Jamii, njia hii ya pili yaweza kuwa ghali.

Sheria hujumlisha nusu ya malipo hayo na mapato mengine yote. Kwa wanaowasilisha pamoja, malipo hayo hayaguswi hadi jumla ipite dola 32,000. Kwa asiye na mwenzi, dola 25,000. Lakini anayewasilisha kivyake, ilhali aliishi na mwenzake wakati wowote mwaka huo, kiwango chake ni sufuri.

Chukua mke apataye dola 12,000 za uzeeni na 10,000 za pensheni ya kazini. Jumla yake ni 16,000. Iwapo aliishi mbali na mumewe mwaka mzima, kiwango chake ni dola 25,000, hivyo malipo ya uzeeni husalimika. Wakiishi pamoja, asilimia 85 ya malipo hayo, yaani dola 10,200, huingizwa katika mapato yanayotozwa ushuru.

Kabla ya kutia sahihi, heri wanandoa wapige hesabu zote mbili.